Maji ya Kumnawisha Mlezi

Udongo haukuitika.

Ambakisye alikuwa amekandamiza kiganja chake juu ya Jiwe la Kiapo, na watu kumi na wawili waliokuja kwenye mazoezi ya sherehe walikuwa wamenyamaza, kwanza kwa heshima, kisha kwa wasiwasi, mwishowe kwa aibu, kama wageni waliofika nyumbani kwa mtu wakakuta ugomvi. Jiwe lilipaswa kupata joto. Bustani nzima ilipaswa kuvuma, ule mvumo mdogo unaosikika zaidi kwa nyayo kuliko kwa masikio. Jiwe lilibaki na ubaridi wake wa asubuhi.

"Tunawe tena, Mheshimiwa," alisema Subilaga, fundi wa udongo, akiinua birika la maji ya uvuguvugu. Alimmiminia, akamsugua viganja vyote viwili, akambana kiganja kwa kiganja mpaka maji yakakauka, kama desturi inavyotaka. Ambakisye akaweka mkono tena. Kimya.

Kando ya uzio, Atuganile alikuwa amesimama peku, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji. Jana yake alikuwa amenyanyua sufuria ya uji bila kitambaa, na kiganja kizima kikatoka malengelenge. Ndiyo maana leo Subilaga alikuwa ameshika birika. Kazi ile ilikuwa ya Atuganile tangu akiwa na miaka sita. Kaka yake alikuwa Mlezi, mtawala wa nchi ya Ilondo, yeye alikuwa mtunza Bustani ya Vitovu, na kabla Mlezi hajapiga mhuri wowote, mtunza bustani ndiye humnawisha. Kila mtoto wa Ilondo aliijua picha ya siku ya uhuru, kwa kuwa ilichapwa kwenye majalada ya madaftari ya shule: msichana mdogo aliyepungukiwa meno mawili ya mbele, amebeba birika linalomzidi, anamnawisha kaka yake mikono.

"Mwiteni Atu," alisema Ambakisye.

"Yupo hapa, Mheshimiwa, ila mkono wake..."

"Kwani ana mmoja?"

Watu wakacheka, wamepata nafuu. Atuganile akasogea. Alimnawisha kwa mkono wa kushoto, polepole, akiona haya kwa kuwa mkubwa hapewi mkono wa kushoto. Alibana kiganja chake kwenye kiganja cha kaka yake. Kilikuwa kimelowa jasho.

Ambakisye akaligusa jiwe, na udongo ukavuma papo hapo, kama paka aliyekunwa mgongo mahali alipopataka.

"Mnaona?" Ambakisye aliwageukia wageni, ametabasamu. "Udongo huu unampenda mdogo wangu kuliko mimi. Kesho birika lisishikwe na fundi tena."

Wote wakacheka. Subilaga hakucheka. Alikuwa akiiangalia mikono yake mwenyewe.

*

Watu walipokwenda kunywa chai, Subilaga alibaki. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunadi samaki na vidole vyembamba vya daktari.

"Dada Atu, njoo uone kitu. Ukishaona, uniambie kwamba mimi ni mwehu. Nitafurahi sana."

Alikuwa amechomeka fimbo mbili za vipimo ardhini, kando ya vigingi viwili vya mwisho. Bustani ile ilikuwa na vigingi arobaini na vitatu, lakini vilivyo hai vilibaki viwili, cha Ambakisye na cha Atuganile. Kaka yake hakujaliwa mtoto, na yeye hakuolewa. Chini ya kila kigingi palikuwa na chungu cha udongo mbichi, na ndani ya chungu kitovu kilichodondoka kwa mtoto wa nyumba ya utawala. Zamani vitovu vilizikwa tu, vikaoza. Baba yao, Mzee Lusekelo, ndiye aliyewaita wataalamu waoteshe utando wa uyoga bustani nzima, ukavilisha vitovu, seli zake zisife. Mtawala akiweka kiganja juu ya jiwe, utando hulinganisha ngozi iliyomgusa na kilichomo chunguni. Vikifanana, udongo huitika, na wakati huohuo mhuri, alama isiyoweza kughushiwa, hufika kwenye daftari la Mahakama ya Mataifa.

Mzee Lusekelo alikuwa na sababu. Umoja wa Mabonde, ule unaokunywa mito yote inayoshuka kutoka Ilondo, ulikuwa na tabia ya kuwapandisha mlimani watawala wake wenyewe, watu wa kununuliwa, wakaweka saini usiku na asubuhi wakaondoka. Sheria ya Kitovu ilikomesha hilo. Ambaye kitovu chake hakimo katika udongo wa Ilondo hawezi kuufunga wala kuuuza. Mahakama ya Mataifa ikaikubali sheria hiyo, na kwa mhuri huohuo ikaikubali Hati ya Uhuru.

"Nilidhani utando umechoka," alisema Subilaga. "Nikapima chungu cha Mheshimiwa. Halafu nikapima chako, ili nilinganishe. Soma hapo."

Atuganile alisoma. Mistari miwili ilipanda na kushuka pamoja, bila tofauti hata ya unywele.

"Si ajabu. Sisi ni ndugu."

"Dada, ndugu hufanana kama maharage ya mfuko mmoja. Huu ni mfanano wa harage moja." Subilaga alishusha sauti, jambo ambalo Atuganile hakuwahi kumwona akilifanya. "Wewe ndiye mtunza. Sheria inakuruhusu kufunua. Mimi hainiruhusu."

Atuganile alipiga magoti. Kufunua kuliruhusiwa. Kutoa ndiko kulikokuwa mwiko: anayefukua kitovu, hata kiwe chake mwenyewe, hana tena ardhi Ilondo, na jua la kesho lisimkute. Alifukua kwa vidole vya mkono mzima mpaka akagusa kifuniko, akakiinua. Katikati ya nyuzi nyeupe za utando palikuwa na kitu kama kipande cha kamba ya ngozi. Upande mmoja kilikuwa kimesinyaa kama vitovu vyote. Upande wa pili kilikuwa kimekatwa, mkato ulionyooka, wa kitu chenye makali.

Akafunua na chungu chake. Kipande kingine. Mkato uleule.

Ng'ambo ya uzio mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti, "moja, mbili, moja, mbili."

"Kwa hiyo anayepiga mhuri..." Subilaga alianza.

"Usimalizie."

"Ni wewe. Miaka thelathini. Ngozi yako inabaki kwenye kiganja chake unapomnawisha." Alijifuta paji la uso na kuacha alama ya udongo. "Na hizo nyayo peku! Mimi nilifundishwa chuoni kwamba mtunza hutembea peku kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wapi! Kitovu kikikatwa hudhoofika, dada, kinahitaji jasho la mwenyewe ardhini. Asipogusa udongo kwa siku arobaini hivi, kinakufa."

Siku arobaini. Atuganile alikuwa na miaka kumi na tisa alipopata nafasi ya kusomea elimu ya nyota katika chuo cha pwani. Begi lilikuwa limefungwa. Viatu vipya vya ngozi vilikuwa juu ya begi. Kaka yake alikuja chumbani, akakaa kitandani, akamshika mkono na kusema kwa machozi, "Mdogo wangu, nchi inakuhitaji hapa." Akabaki. Gwakisa, kijana aliyempenda, aliyetangulia chuoni na kuahidi kumpokea, alimwandikia kwa miaka miwili, kisha akaacha. Na Atuganile kwa miaka yote hiyo alijifariji kwa jambo moja, kwamba kaka yake alilia.

"Kitovu kikifa," aliuliza taratibu, "mihuri iliyokwisha kupigwa inafutika?"

"Hapana. Marehemu wangapi wamelala humu na sheria zao bado zinatulipisha ushuru? Kilichopigwa kimepigwa. Labda ithibitike kwamba aliyepiga hakuwa na haki. Hapo kila kitu..." Subilaga aliligeukia Jiwe la Kiapo. Alikuwa ameelewa alichokisema. "Hata Hati ya Uhuru," alinong'ona.

"Kitovu kikitolewa, utando hukikumbuka kwa muda gani?"

"Saa tatu, nne. Ila chumvi ya mawe huumaliza papo hapo. Mimi huogopa hata kula mahindi ya chumvi karibu na hapa." Alimtazama Atuganile kwa jicho la kuuliza. "Mbona unataka kujua?"

"Naulizia tu," alisema Atuganile, akafukia vyungu vyote viwili.

*

Mama yao, Tuhobokile, alikuwa ameketi kwenye jua la barazani akishona kifungo cha koti la Ambakisye la sherehe. Alikuwa na miaka themanini na miwili na bado hakuamini fundi cherehani yeyote.

"Afadhali umekuja. Nitungie uzi, macho yamegoma."

Atuganile alichukua sindano. Kwa mkono wenye bendeji aliishika, kwa mwingine akalenga uzi. Ulikosa tundu mara mbili.

"Mama, ule wimbo wanaouimba shuleni. Kwamba kaka alizaliwa kambini, na wewe ukakibeba kitovu chake kwenye pindo la kanga miaka kumi, ukakirudisha nyumbani."

"Wimbo mbaya ule. Unanizeesha."

"Kwenye pindo kulikuwa na nini?"

Mikono ya mama ilitulia juu ya koti. Uwanjani chini walikuwa wakipandisha bendera, ya Ilondo na ya Umoja, wakibishana ipi iwe kulia.

"Hakukuwa na kitu," mama alisema hatimaye. "Zahanati ya kambi walikuwa wanachoma taka kila Jumatatu. Kilidondoka Jumapili. Nilikwenda kulala nimechoka, nikasema nitakitafuta asubuhi." Aliinua uso. "Nani amekwambia?"

"Udongo."

"Umekaa nao sana."

"Mlinikalisha nao."

Mama aliutoa uzi na sindano mikononi mwa binti yake, akautunga mwenyewe mara moja, bila kukosea. Atuganile aliliona hilo na moyo ukamwuma kwa namna ya kijinga, kwamba hata macho yale mabovu yalikuwa uongo.

"Baba yako alikuwa amebakiza siku mbili za kuishi," mama alisema. "Mahakama ilitaka mhuri kabla ya Ijumaa. Sheria ni yake mwenyewe, aliitunga ili kuwazuia watu wa Mabonde, ikaja ikamfunga mwanawe. Wewe ulikuwa na haki, lakini ulikuwa na miaka sita. Mhuri hupigwa na mtu mzima. Tungefanyaje? Tuseme samahani, tumeshinda vita lakini subirini mtoto akue? Nikakifukua chako. Nikakikata kwa wembe wa baba yako. Wewe ulisimama mlangoni ukaniuliza ninalima nini. Nikakwambia viazi."

"Hiyo ilikuwa siku ile, mama. Siku ile naielewa." Atuganile aliushika mkono wa koti. "Nilipofika miaka kumi na nane? Ishirini? Nilipofunga begi?"

"Ambakisye alikuwa ameshazoea."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa hulalamiki." Mama alikata uzi kwa meno. Alisema maneno hayo kama mtu anayemsifu mwanawe, na huenda ndivyo alivyokusudia.

*

Ambakisye alimpokea ofisini amevaa shati la ndani, akisubiri koti. Mezani palikuwa na Mkataba wa Maji, kurasa sitini. Minara ya ukungu yote mia tatu, ile minara ya nyavu inayokamua mawingu na kuijaza mito, ingekuwa chini ya Umoja kwa miaka tisini na tisa. Walinzi wa Umoja wangekaa ndani ya mipaka. Mwananchi wa Ilondo atakayekamatwa karibu na mnara angehukumiwa huko Mabonde, kwa sheria zao.

"Najua kilichomo kwenye chungu chako, kaka."

Hakujifanya hakuelewa. Alikwenda kufunga mlango, akarudi, akaketi.

"Nani mwingine anajua?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Atuganile alilisubiri la pili, halikuja.

"Mama," alijibu.

"Basi sisi watatu, kama siku zote. Sasa nisikilize vizuri, Atu. Najua umekasirika. Ukitoka hapa ukasema ukweli, Hati ya Uhuru inakuwa karatasi ya kufungia vitumbua. Mahakama itaifuta wiki hiihii, na Umoja wataingia bila hata kubisha hodi. Huo ndio uzalendo?"

"Na kesho wakiingia kwa mkataba wako, watakuwa wamebisha hodi."

"Wana mizinga mpakani, mimi nina polisi mia nane na magari yasiyo na tairi! Nimewabembeleza miaka minne. Huu ndio mkataba wenye nafuu. Hospitali mbili, barabara..."

"Baraza umelionyesha?"

"Baraza wangeuongea mpaka mwaka kesho."

"Nchi ni yao."

"Ni yetu," alisema Ambakisye. Kisha, kana kwamba amejisikia, alilainisha sauti. "Mdogo wangu, nisaidie kesho tu. Huu ni mhuri wa mwisho mkubwa. Baada ya hapo uko huru. Nenda kasome hizo nyota zako, zunguka dunia, mimi nitalipia."

"Na zile siku arobaini?"

Kaka yake aliangalia nyayo ngumu za mdogo wake, zilizopasuka kwa baridi ya miaka thelathini, kisha akaangalia dirishani. Kama angesema hata neno moja wakati ule, hata la uongo mpya, pengine angemlegeza, kwa sababu Atuganile alikuwa mwepesi wa kulegea kwake.

"Sitakunawisha," alisema Atuganile.

"Basi nitaahirisha wiki tatu." Ambakisye alisema kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko makelele. "Taulo lako liko bafuni. Mto wako una nywele. Maabara siku hizi huotesha ngozi ya mtu kama wanavyootesha uyoga, wanaweza kunishonea glavu yako. Sitaki tufike huko. Nataka unipe mkono wako mwenyewe kama ulivyonipa siku ile ya kwanza. Ulikuwa mdogo, birika linakushinda, na bado hukumwaga hata tone. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu yake nzuri kuliko zote, na sasa kaka yake alikuwa ameishika mkononi kama ufunguo.

"Nakumbuka," alisema. "Sherehe ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Maji yatakuwa tayari."

*

Kesho yake saa sita mchana, vijana wa mapambo walikuwa juu ya ngazi, akina mama wakipanga viti, na mtunza bustani alikuwa amepiga magoti bustanini na jembe lake dogo, jambo ambalo watu waliliona kila siku ya maisha yao. Kwenye uzio mtu alikuwa ametundika mfuko wa chumvi ya mawe, kilo mbili, bila maelezo. Atuganile aliutazama mfuko ule kwa muda. Subilaga hakuonekana popote, naye kwa kawaida alionekana kila mahali.

Alikuwa amelala na kuamka na njia mbili tu, kusema au kunyamaza, na zote mbili ziliishia na walinzi wa Umoja chini ya minara. Njia ya tatu ilikuwa ndogo, haikumwacha na mahali pa kukaa. Alifunua chungu cha kwanza. Nyuzi za utando ziling'ang'ania kitovu kama vidole vya mtoto mchanga, ikabidi azikate moja moja.

"Dada Atu, unapanda nini siku ya sherehe?" aliuliza mama mmoja aliyepita na viti viwili kichwani.

"Viazi," alisema Atuganile.

Mama yule alicheka, akaendelea na safari yake.

Alifunua chungu cha pili. Aliviweka vipande vyote viwili kwenye kiganja cha mkono uliofungwa bendeji na kuvikutanisha pale palipokatwa. Vilikaa sawasawa. Alivikandia chumvi mpaka vikabadilika rangi, akamwaga iliyobaki ndani ya vyungu na juu ya nyuzi. Chini ya magoti yake udongo ulitoa mvumo mfupi, usio na mpangilio, ukakoma. Hapo ndipo alipolia. Hakuulilia utawala. Aliulilia udongo, kwa kuwa katika nyumba ile yote ndio pekee uliokuwa umemjibu yeye kama yeye.

Alivifunga vitovu kwenye pindo la kanga yake, fundo mara mbili.

Saa tisa uwanja ulijaa. Balozi wa Umoja alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sura, aliyetetemeka kwa baridi ya mlimani. Mama yao aliketi mbele, koti la Ambakisye likiwa na vifungo vyote. Atuganile alitoka na birika. Hakumwaga hata tone. Alimnawisha kaka yake kwa mikono miwili, bendeji ameivua na malengelenge yanawaka, akamsugua kati ya vidole kama alivyofunzwa, akambana kiganja kwa kiganja mpaka maji yakakauka.

"Asante, mdogo wangu," alinong'ona Ambakisye, na alikuwa anamaanisha.

Akaweka mkono juu ya jiwe.

Watu walisubiri. Bendera zilipigapiga. Ambakisye alibonyeza zaidi, akainua mkono, akauweka tena. Mara ya pili alimtazama mdogo wake. Mara ya tatu hakumwangalia mtu yeyote. Alikuwa akiangalia mavumbi meupe kando ya vigingi viwili vya mwisho, yaliyong'aa kama umande, wakati umande ulikuwa umekauka tangu asubuhi.

"Kuna hitilafu?" aliuliza Balozi. "Kwa sheria zenu, hii maana yake nini?"

Kila mtu wa Ilondo aliijua maana yake tangu darasa la pili. Udongo ukikataa mara tatu, Mlezi hana neno, na jambo linarudi kwa Baraza. Lakini haikuwahi kutokea. Ambakisye alisimama na mkono wake uliooshwa ukining'inia mbele yake. Angemtaja Atuganile, angeulizwa mkono wa mtunza unahusiana nini na mhuri wa Mlezi. Atuganile aliyaona maneno yakipanda kooni mwake na kurudi.

"Udongo umekataa," alisema Mlezi.

Nyuma kabisa mtu mmoja alianza kupiga makofi, akajiona yuko peke yake, akaacha. Kisha wazee wa Baraza wakaanza kusimama, mmoja mmoja, wakitazamana kama watu walioitwa majina yao ukumbini bila kutarajia.

*

Ambakisye alimkuta kwenye lango la nyuma la bustani. Alikuwa amekuja mwenyewe, bila walinzi.

"Umefanya nini, Atu?"

"Nimekunawisha."

"Jioni hii watakagua vyungu. Watakuta umefukua. Watasema umekiiba kitovu cha Mlezi siku ya mkataba. Utaitwa msaliti, mdogo wangu. Kwenye madaftari ya watoto! Utaitwa msaliti na wajukuu wa watu ambao hawajazaliwa bado."

"Wewe ndiye utakayewaambia hivyo," alisema Atuganile. "Ukiwaambia kingine, Hati ya Uhuru inakufa. Kwa hiyo utawaambia hivyo, na utasisitiza."

Uso wa Ambakisye ulikunjamana kama wa mtoto. Alikuwa na machozi ya kweli. Hata siku ile ya begi, Atuganile aliwaza, yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililokuwa gumu kusamehe.

"Umoja wakija kwa mizinga?"

"Sijui, kaka. Baraza litajua au halitajua. Mimi najua tu kwamba hawatakuja kwa mkono wangu."

Ambakisye aliondoka bila kuaga. Kutoka uwanjani zilisikika sauti za Baraza, watu wakizungumza wote kwa pamoja, wakikatizana.

Mama alikuja baadaye, taratibu, akiegemea ukuta. Alikuwa amebeba kitu kwenye gazeti. Alikifungua. Vilikuwa viatu vya ngozi, rangi ya kahawia, vya msichana wa miaka kumi na tisa, vimepakwa mafuta visikauke. Atuganile alivipeleka karibu na pua. Mafuta yalikuwa mapya.

"Ulivitunza," alisema.

"Kila mwaka nilivipaka. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia."

Atuganile alisubiri. Mama naye alisubiri, ameshika gazeti tupu kwa mikono miwili.

Atuganile aliketi chini, akakung'uta nyayo zake udongo wa bustani, vidole vyote, hadi kwenye nyufa za visigino, akaingiza mguu. Miguu ya miaka thelathini peku ilikuwa imetanuka. Vilimbana mbele na nyuma. Alifunga kamba hivyohivyo.

"Vinakutosha?" aliuliza mama.

"Vinatosha," alisema Atuganile, akanyanyuka, akagusa fundo kwenye pindo la kanga, akashika njia ya mpakani akichechemea.